Majani ya Kando ya Mtaro

Msikilizaji wangu, kama ulipanda matatu alfajiri ya leo kutoka Kayole au Komarock kwenda mjini, bila shaka ulipishana nao. Vijana wawili na mkokoteni mmoja, juu yake shehena ya majani mabichi iliyopita kimo cha mtu, kamba imekazwa, umande bado unadondoka. Mmoja yuko mbele kati ya mikono ya mkokoteni, mwenzake anasukuma nyuma kwa bega. Wanapeleka chakula cha ng'ombe.

Ng'ombe wa Eastlands ya Nairobi wapo, tena si haba. Wapo Njiru na Ruai kwenye ploti ambazo hazijajengwa, na wapo Dandora nyuma ya mabati, katika vibanda visivyozidi upana wa chumba cha kupanga. Maziwa uliyochemshia chai asubuhi pengine yalikamuliwa mtaa wa pili. Mbuzi nao ndio usiseme, hao hujitembeza wenyewe mpaka steji.

Juzi nilisimamisha mkokoteni mmoja karibu na daraja la mto Ngong, upande wa Donholm, nione wamebeba nini. Nusu ya mzigo ilikuwa napia, ile tunayoijua sote, yenye bua nene kama muwa mchanga. Nusu ya pili ilikuwa majani ya namna nyingine, membamba zaidi, laini, kila jani na mstari mweupe katikati. Nikamwuliza kijana haya yanaitwaje.

"Haya ni majani tu, mzee. Yanaota yenyewe kando ya mtaro. Lakini ng'ombe akiyapata haya, napia anaisukuma kando."

Majani tu. Nimeyabeba maneno hayo mpaka hapa studioni, kwa sababu mmea ule una jina, una historia ndefu kuliko mji huu, na umezunguka dunia kuliko wengi wetu. Unaitwa panikamu. Mtaalamu wa mimea wa Vienna, Nikolaus von Jacquin, ndiye aliyeuandika kwa jina la Panicum maximum mwaka 1781. Vitabu vya siku hizi vimeuhamishia jina la Megathyrsus maximus, lakini wakulima, wauza mbegu na maafisa wa kilimo wamebaki na panikamu, nasi tubaki nalo hilo. Waingereza huuita nyasi za Guinea, jina linaloweza kukupoteza ukadhani ni mgeni kutoka Afrika Magharibi. Sivyo. Afrika Mashariki ndiyo nyumbani kwake hasa.

Ngoja kwanza nikupe namna ya kuitambua, maana kando ya mitaro yetu nyasi ni nyingi na jicho lisilozoea huona kijani tu. Tazama suke. Suke la napia limeshikana, limesimama kama brashi ya kuoshea chupa. Suke la panikamu limetawanyika hewani, vijitawi vyembamba kama nywele, na vile vya chini kabisa vinachomoza mahali pamoja kuzunguka bua lote, mfano wa spoku za baiskeli. Kama bado una shaka, chukua punje moja iliyokomaa, iweke kiganjani, uvue makapi ya nje kwa ukucha. Ndani utakuta ganda gumu lenye mikunjo midogo iliyokata upana, kama paji la uso la mzee anayewaza. Mikunjo hiyo ndiyo sahihi yake. Ukiiona, umefika.

Sasa safari zake. Mmea huu ulivuka bahari ya Atlantiki katika enzi za biashara ya watumwa. Inasimuliwa kwamba ulitandikwa kama malalo ndani ya meli zilizobeba watu waliofungwa minyororo, na kwamba Jamaika mbegu zake zilifika mwaka 1744 zikiwa chakula cha ndege aliopelekewa jaji mkuu wa kisiwa. Ndege wakafa, mbegu zikamwagwa, ng'ombe wakazifuata. Jacquin mwenyewe aliuandika kutokana na mimea ya Guadeloupe, visiwa vya Karibi, si kutokana na mimea ya Afrika. Kwa hiyo jina la kitaalamu la majani ya mtaro wetu lilitolewa upande ule wa bahari, mahali yalikofika pamoja na mateso ya watu wetu. Nikilifikiria jambo hilo napata uzito moyoni, sikufichi.

Safari ya pili iko karibu nasi zaidi. Mwaka 1967, na tena 1969, watafiti wa shirika la Ufaransa lililoitwa ORSTOM walipita Kenya na Tanzania wakikusanya panikamu za porini. Walizitafuta barabarani, vichakani, kingo za mito. Walichokuwa wakikisaka zaidi ni siri ya uzazi wake, na hapa naomba utege sikio, kwa maana ni jambo la ajabu.

Panikamu nyingi duniani huzaa mbegu bila mtoto kurithi chochote kwa baba. Punje inayoanguka inabeba nakala kamili ya mama yake. Bibi, mama na mjukuu ni mmea mmoja uleule kwa damu. Kwa mkulima hilo ni jema, ukipata mmea mzuri hautaharibika kizazi kwa kizazi. Kwa anayetaka kuunda aina mpya ni ukuta, kwa sababu huwezi kuchanganya sifa za wawili pasipo ndoa. Wafaransa wale, Combes na Pernès wakiwa miongoni mwao, walizipata hapa Afrika Mashariki, Korogwe huko Tanzania, panikamu zinazozaana kwa ndoa ya kawaida, baba na mama. Ufunguo wa ukuta ule ulikuwa umeota kwenye majani ya Korogwe.

Mkusanyo wao ulipelekwa Côte d'Ivoire, na kuanzia mwaka 1982 Brazili ikapewa sehemu yake. Shirika la utafiti wa kilimo la Brazili, Embrapa, likaipanda, likaipima miaka mingi, likachagua. Mwaka 1990 likatoa aina iliyoitwa Tanzânia, na mwaka 1993 nyingine iliyoitwa Mombaça, ndiyo Mombasa kwa matamshi yao. Ajabu ni kwamba zote mbili asili yake ni mimea iliyochukuliwa karibu na Korogwe. Ile Mombasa ya Brazili haikutoka Mombasa yetu. Leo maeneo makubwa ya malisho ya Brazili yamefunikwa na mimea hii, na nyama ya ng'ombe wao husafirishwa duniani kote.

Na sasa imerudi. Ingia duka lolote kubwa la pembejeo hapa Nairobi uulize mbegu za majani ya mifugo. Utaonyeshwa pakiti zenye jina la Mombasa, na nyingine zinazouzwa kwa jina la Siambaza, mbegu za kutoka ng'ambo, bei yake si ya kuchezea. Mkulima wa Ruai anatoa noti, anachukua pakiti, anarudi nyumbani kwa njia ya Kangundo, na njia nzima pembeni mwake inapepea ndugu ya kile alichonunua.

Sisemi mbegu zile ni wizi wala kwamba usizinunue. Kazi iliyofanywa na Wabrazili ni kazi ya kweli, na aina zile zina majani mengi kuliko mabua, jambo ambalo panikamu ya mtaroni haiwezi kukuahidi. Mwenye nafasi na fedha anunue. Ninachosema ni kwamba hatujui thamani ya tulicho nacho. Mama wa mbegu hizo zote wako hapa, wanaota bila kupandwa, na kila mwaka tunamwaga kokoto na saruji juu yao bila hata kuwauliza jina. Wala si aina hizo tu, tena. Waaustralia wana aina ya panikamu waliyoipa jina Makueni, kwa kuwa ilitoka Makueni ya Ukambani. Kuna binamu yake aitwaye Panicum coloratum, ambaye aina yake moja inaitwa Solai, jina la Solai ileile ya Nakuru tunayoikumbuka kwa bwawa lililopasuka Mei 2018. Ramani ya Kenya imeandikwa kwenye malisho ya watu wa mbali.

Turudi nyumbani. Mimi ninaishi Jericho, kwenye zile nyumba za zamani za baraza la jiji, ambazo angalau walioziweka walikumbuka kuacha ardhi kati ya mlango na mlango. Nilipoamua kupanda panikamu nilianza vibaya. Nilinunua pakiti, nikachimba mashimo kama ya mahindi, nikafukia mbegu mbili mbili, nikamwagilia wiki tatu. Hakikutoka kitu. Nilimlaumu muuzaji, kumbe kosa lilikuwa la mkono wangu. Mbegu ya panikamu ni ndogo mno, kilo moja ina mamia ya maelfu ya punje, na punje ndogo hivyo haina akiba ya kuisukuma kutoka kilindini. Ukiifukia zaidi ya sentimita moja umeizika.

Aliyenifundisha ni shosho mmoja wa Njiru mwenye ng'ombe mmoja na mbuzi watatu. Nilimkuta ameinama kwenye mpaka wa ploti yake, jembe mkononi, anang'oa fungu la panikamu lililokuwa limezeeka.

"Shosho, mbona unayang'oa majani mazuri hivi?"

"Siyang'oi, mwanangu. Nayagawa. Mbegu ni ya mwenye shamba kubwa. Sisi wa ploti tunapanda mashina."

Alilipasua fungu lile kwa panga, likatoa vipande kumi na kitu, kila kipande na machipukizi matatu au manne na mizizi yake. Akakata majani ya juu yakabaki na urefu wa kiganja, ili mmea usipoteze maji kabla mizizi haijashika. Akavitumbukiza kwenye ndoo ya maji yaliyokorogwa na samadi. Kisha akavipanda mstari mmoja, nusu mita baina ya kipande na kipande, na nusu mita nyingine mpaka mstari wa pili. Alikuwa akikanyaga kando ya kila shina kwa kisigino, akilivuta kidogo kwa vidole. Lisipong'oka, anasonga mbele. Likicheza, anarudia kukanyaga. Nilimtazama akifanya hivyo kwa mashina yote, hakuruka hata moja.

Wakati wake ni mwanzo wa mvua. Nairobi tuna masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na shina lililopandwa wiki ya kwanza ya mvua litakuwa limeshika kabla jua halijakumbuka kazi yake.

Mwenye kutaka mbegu za mtaroni anaweza, ila ajue tabia zake mbili. Kwanza, suke haliivi lote kwa pamoja. Punje za juu zinaanguka wakati za chini bado mbichi, kwa hiyo usisubiri likauke. Ingiza suke ndani ya mfuko, likung'ute taratibu, urudi tena baada ya siku mbili tatu. Pili, mbegu mpya hulala. Ukiipanda mwezi uleule ulioivuna, nyingi zitakataa kuamka. Iweke mahali pakavu miezi sita hivi, ndipo uitawanye juu ya udongo uliolainishwa na kuufagia juu juu kwa tawi. Kwa shamba kubwa, kilo mbili hadi tatu kwa eka moja zinatosha mbegu zikiwa safi.

Lakini udongo wetu, msikilizaji, ndio mtihani. Watu wa Kabete na Dagoretti wana udongo mwekundu usiotuamisha maji. Sisi wa kuanzia Embakasi, Kayole mpaka Njiru tuna udongo mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi mpaka mguu wa mtoto unaweza kuzama ufani, na mvua ikinyesha unageuka gundi inayokuvua viatu. Panikamu hustahimili mambo mengi, ukame wa wastani, kukatwa, hata moto. Kusimama majini haiwezi. Mizizi ikikaa kwenye dimbwi siku nyingi majani yanageuka manjano na fungu linaoza. Ndiyo maana utaiona imejipanga kwenye kingo za mtaro na wala si ndani ya mtaro. Imechagua yenyewe. Nawe ifuate hapohapo: inua matuta ya futi moja, panda juu ya tuta, acha maji yapite chini. Ukiwa na eneo tambarare kabisa lisilokauka, yule binamu Panicum coloratum anauzoea udongo mweusi kuliko panikamu. Ila kondoo na mbuzi wakilishwa huyo binamu peke yake wanaweza kuumwa ngozi kwa mwanga wa jua, hivyo wachanganyie.

Jambo moja ambalo mtu wa mjini atalipenda ni kwamba panikamu inavumilia kivuli. Napia chini ya mti hudhoofika. Panikamu chini ya mparachichi, au kwenye kile kichochoro kati ya ukuta wako na wa jirani ambako jua hupita saa tatu tu kwa siku, inaendelea kutoa majani. Sehemu hizo ndizo nyingi katika mitaa yetu.

Kuhusu kukata, kata ya kwanza iwe baada ya miezi mitatu au minne, mizizi ikishakomaa. Baada ya hapo kata kila wiki sita hadi nane wakati wa mvua. Acha kisiki cha upana wa kiganja kilichokunjuliwa, sentimita kumi na kitu, kwani nguvu za kuchipua ziko pale. Anayekata mpaka chini kama anayenyoa kichwa anaua fungu lake mwenyewe, na mikono ya vijana wa mkokoteni, ambao wanakata mahali pasipo pao, ndiyo inayofanya kosa hili zaidi. Usingoje pia lichanue suke. Majani machanga yana protini ya kumfaa ng'ombe wa maziwa. Likishachanua nguvu zote zimehamia kwenye mbegu, na unachomlisha mnyama ni kama makuti. Ukishakata, rudisha samadi. Majani haya yanakula sana udongo, na asiyerudisha kitu ataona mavuno yanapungua mwaka wa pili.

Je, inatosha? Hapa nitakuwa mkweli maana nimesikia wauza mbegu wakiahidi makubwa. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kila siku. Ploti ya kawaida ya futi 50 kwa 100, hata ungeipanda yote na nyumba usijenge, haitamshibisha ng'ombe mmoja mwaka mzima. Mbuzi wawili, ndiyo. Mwenye ng'ombe ataendelea kumhitaji kijana wa mkokoteni, ila atamhitaji siku chache zaidi, na kiangazi cha Januari, majani yanapopanda bei, atakuwa na cha kuanzia. Changanya na desmodiamu au majani ya kaliandra kama unayo, kwa sababu ng'ombe anayekula nyasi peke yake maziwa yake hupungua. Na kwa wenzangu wa punda wa kuvuta maji, wapeni punda panikamu kwa kiasi. Huko Brazili farasi waliolishwa hizo aina za Tanzânia na Mombaça peke yake msimu wa mvua waliugua tumbo, wengine wakafa.

Sasa nije kwenye jambo lililonikosesha usingizi. Yale majani ya mkokoteni yalikatwa wapi?

Shosho wa Njiru hununua pia, siku zikiwa ngumu. Nilikuwapo mkokoteni ulipofika kwake. Hakuuliza bei kwanza. Alichomoa jani moja katikati ya tita, akalipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada kutoka chini hadi juu, akatazama vidole vyake. Vilikuwa na weusi. Akanusa.

"Haya ni ya jaa," akasema. "Rudisha, kijana wangu. Nitalala njaa na ng'ombe wangu."

Jaa la Dandora tunalijua. Limekuwa likipokea taka za jiji zima tangu miaka ya 1970. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubalika. Vumbi lililoingia kwenye vifua vya watoto wale ndilo linalotua juu ya majani. Mto Nairobi unapita hapohapo, umeshatoka Gikomba, ukaosha Shauri Moyo na Kariobangi, na kingo zake zina panikamu nene ya kuvutia, kijani kibichi, kwa sababu inanyweshwa maji taka. Ng'ombe akila majani yenye risasi, risasi inakaa kwenye maini, figo na mifupa yake, na sehemu yake inaingia kwenye maziwa. Kuosha majani kunapunguza vumbi, hakuondoi kilichopanda kwa mizizi.

Na kuna tegu. Mayai ya tegu hutoka kwa binadamu, hushuka na maji ya choo, hung'ang'ania kwenye majani. Ng'ombe akiyala, minyoo inajijenga kwenye nyama yake. Wewe ukila nyama ile isiyoiva vizuri pale kwenye kibanda cha nyama choma, mzunguko umekamilika. Majani ya mtaro wa maji ya mvua ni kitu kimoja, majani ya mtaro wa maji taka ni kitu kingine kabisa, ingawa kwa macho ni mmea uleule na pengine uleule hata kwa damu.

Ndiyo maana nasisitiza kugawa mashina. Shina lililotoka mahali pachafu waweza kulikata majani yote, kuliosha mizizi, ukalipanda kwenye udongo safi, na majani mapya yatakayochipua yatakula udongo safi. Tupa yale majani ya jaa, ubaki na mmea wake. Nawe usiogope kupanda: tangu mwaka 2015 kaunti yetu ina sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, hivyo mwenye mbuzi wake na mstari wake wa majani hapaswi tena kujificha kama mwizi, kama ilivyokuwa zamani askari wa baraza la jiji walipokuwa wakifyeka mazao ya watu. Tena kazi ya mmea huu si kulisha tu. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 serikali iliamuru watu waondoke ndani ya mita 30 za kingo za mito. Nyumba ziliangushwa, na machungu ya waliopoteza makazi bado yapo. Pita sasa kwenye kingo hizo uone ni nani aliyekuwa wa kwanza kurudi. Panikamu imeshikilia udongo kwa mizizi yake, kazi ambayo kuta za mabati hazikuiweza.

Jirani zangu wana hofu, nami siidharau. Mama mmoja aliniambia majani marefu yanaficha nyoka na vibaka, na kwamba binti yake hupita kando yake saa moja jioni akitoka shule. Ana haki. Kando ya njia ya watu panikamu isizidi goti, ikatwe kila wiki mbili, na kama hakuna wa kuikata isipandwe hapo. Mmea huu usipokuwa na mlaji wala mkataji unakuwa adui. Agosti 2023 mji wa Lahaina, kisiwa cha Maui huko Hawaii, uliteketea na watu takriban mia moja wakafa. Miongoni mwa vilivyoupa moto ule nguvu ni nyasi za kigeni zilizokauka kwenye mashamba ya miwa yaliyotelekezwa, na panikamu ilikuwamo. Kule walikuwa nayo wakakosa wa kuila. Hapa tuna ng'ombe, mbuzi, panga na vijana wenye nguvu za kusukuma mkokoteni kutoka Mihang'o hadi Buruburu kabla ya saa moja asubuhi.

Siku niliyoondoka Njiru shosho alinifungia mashina sita katika kipande cha gunia alichokilowesha. Nilisafiri nayo miguuni kwenye matatu, maji yakichuruzika, kondakta akanitazama lakini akanyamaza. Niliyapanda nyuma ya nyumba jioni ileile, juu ya tuta, nikayakanyaga kwa kisigino na kuyavuta moja moja kama nilivyomwona akifanya. Moja lilikufa. Matano yalikaa siku nane yakiwa yamekauka kama vijiti, na asubuhi ya siku ya tisa nikaona kwenye moja ncha ya kijani, nyembamba kama sindano, imepenya kwenye jani kuukuu.

Hayo matano sasa ni mafungu ambayo siwezi kuyakumbatia kwa mikono miwili. Kijana wa daraja la Donholm nimemtajia jina, akalirudia mara mbili tatu ili limkae mdomoni. Mjomba wake ana kipande kitupu nyuma ya banda la ng'ombe huko Mihang'o. Amesema vuli ikianza atapita kuchukua mashina kumi, nami nimemwambia aje mapema kabla ya jua, na gunia lake liwe limelowa.